Mwale

Chukudu yangu ya kwanza ilipita ukutani.
Niliichora ubao kwa ubao: usukani, magurudumu ya mti,
kipande cha ndala mahali pa kupigia goti,
magunia manane ya viazi kutoka Kibumba,
nikaiachia mteremko.
Ikafika Majengo kwa kasi,
ikaingia kwenye ukuta wa mawe ya volkano,
ikatokea upande wa pili
bila hata kiazi kimoja kudondoka.

Dada yangu Kavugho alicheka mpaka akashika mlango.
"Hiyo chukudu ni ya marehemu," akasema.

Kosa halikuwa la ukuta. Ukuta ulikuwepo.
Ni jicho la mashine,
linalofumba na kufumbua mara sitini kwa sekunde:
likifumbua, chukudu iko mbele ya ukuta;
likafumba;
likifumbua, iko nyuma yake, inakwenda zake.
Hapo katikati hakuna shahidi,
na kwa mashine, kisicho na shahidi hakikutokea.

Basi nikajifunza kutuma mwale.
Ni mstari tu. Hauna unene, hauna uzito.
Unaanzia mahali, unaelekea mahali, una kikomo.
Hutangulia chukudu
kama mtoto anayetumwa kuchungulia kwenye kona
kama askari bado wapo.
Hurudi na habari: nimegusa nini, nimegusia wapi,
na uso wa nilichogusa umeelekea wapi.
Usipogusa kitu hurudi kimya.
Kimya nacho ni jibu.

Usiku ule umeme ulikatika saa tatu,
betri ina asilimia kumi na moja.
Nikauandika mwale, nikabonyeza, nikangoja.
Chukudu haikusogea hata upana wa kidole.
Umbali: sifuri.
Umbali: sifuri.
Kila upande ukuta, hata katikati ya barabara,
hata mawinguni, nilikouelekeza kwa hasira.
Nikaanza kuondoa mji.
Nikatoa Birere, nikatoa soko la Virunga,
nikatoa nyumba yetu ya mbao na bidoni zake za maji,
ikabaki ardhi nyeusi tupu
kama mama anavyosimulia ule mwaka wa lava.
Bado sifuri.

Betri ilikuwa asilimia nne
nilipokumbuka kuuliza jina la kilichoguswa.
Mashine ikajibu: chukudu.

Mwale ulizaliwa ndani ya mbao zake,
ukamgonga aliyeutuma
kabla haujaona nje.
Na mimi nilikuwa nimeshabomoa mji.

Nikaongeza mstari mmoja: mpuuze aliyekutuma.
Skrini ikazima.

Umeme ulirudi saa kumi alfajiri, kwa dakika nane.
Nikaurudisha ukuta, ule mmoja tu,
nikaiachia chukudu mteremko.

Ikagonga!
Usukani ukapinda, magunia yakapasuka,
viazi vikamwagika Majengo nzima,
na mimi nikapiga kelele iliyomwamsha Kavugho.
Akaja na kitenge chake, akainama kwenye skrini,
akaangalia ajali yangu nzuri.
Kisha akaweka kidole kwenye kioo:
"Na hicho?"

Kiazi kimoja kilikuwa kinabingirika, hakina haraka wala wasiwasi,
kikafika ukutani, kikapita,
kikaelekea ziwani.

Viazi sikuvipa mwale.