Jina la Mbwa

Kirikuu ilibeba kitanda, jiko la mkaa,
ndoo mbili, kabati lisilo na mlango.
Mbwa nilimpakata mbele, ubavuni mwa dereva,
toka Mabatini hadi Luchelele
pua yake dirishani.

Kule nilimwita Hayawahusu.
Ni mwaka ule Bulugu alipoondoka na redio
na ua mzima ukanihesabia sahani.
Kila jioni nilisimama mlangoni
nikamwita mbwa, kwa sauti.
Wenye masikio walisikia.

Hapa hakuna aliyenikosea.
Mama Shigela kaja na bakuli la dagaa:
"Karibu jirani. Na huyu anaitwaje?"
Nikakohoa. Nikasema, Popi.
Popi! Popi!
Mbwa akatazama mawe, akatazama ziwa,
akamtafuta huyo Popi.

Usiku wa tatu kamba ilikatika.
Nilitoka na tochi ya simu,
majabalini, kwenye magugumaji,
jina limenikwama kooni kama mwiba wa sato.
Mwisho nikaliachia:
Hayawahusuuu!

Dirisha likafunguka. Taa. Dirisha lingine.
"Yepi hayo yasiyotuhusu?"

Nikaeleza yote, hata redio.
Mama Shigela hakusema kitu.
Alikaza kitenge, akapanda jiwe
lililozidi nyumba yangu kwa kimo,
akaielekea giza la ziwa, akaita.
Mtaa ukaitikia: watoto, walevi, mlinzi wa mashine ya maji,
Hayawahusu! Hayawahusu!
mpaka jogoo.

Alirudi mwenyewe, mkia umelowa,
ananuka furu.