Zama na Zamu

Kule Sib wamejenga soko la kale jipya:
mbao za plastiki, kisima kikavu,
mbingu ya dari ambayo magharibi haiingii.
Bi Zuwena alitusomesha zamani kuicheka:
kila ukuta ni nukuu ya ukuta,
kila kweli ina mwenye duka nyuma yake.
Tukacheka miaka thelathini,
kicheko kikatuchujukia mdomoni
kama ubani uliokwisha tafunwa.

Jana kanichukua Izki, kwenye falaji.
Mgao wa maji siku hizi uko kwenye simu;
kijiti cha kupimia kivuli wameachiwa watalii.
"Hicho nacho maigizo," nikasema, nikingoja.

Hakucheka. Alivua viatu, akainama,
akazoa tope lililoziba mfereji
wa mtu asiyemjua hata jina.

"Aliyegawa maji haya ni binadamu,
na binadamu hukosea, hudanganya pia.
Hilo nilikufunza mwenyewe.
Lakini zamu ya huyu ni saa kumi na nusu,
na saa kumi na nusu ndiyo hii."

Nikamuuliza: basi zama hizi tuziiteje?
Akanyoosha mkono, tope hadi kiwikoni:
"Shika hapa kwanza."