Viswichi Vinne

Saa tatu usiku mama amesimama juu ya kitanda,
simu kaibana kwa bega, rimoti mkononi,
na pangaboi juu ya kichwa chake limenuna.

"Toa betri."
"Nimetoa. Mpya hizi, za jana."
"Zigeuze. Labda umezilaza kichwa chini."
Huku Duluth ni Aprili na theluji bado imekalia gari langu.
Kule Lake Charles ni Aprili ileile
na shuka zinamganda mwilini.

Si kwamba halifanyi kazi, anasema.
Linafanya. Linafanya litakavyo.
Kila usiku, saa tisa kasoro, linapunguza mwendo,
linapunguza,
linasimama.
Hajagusa kitu. Rimoti iko kwenye droo.
"Unajua baba yako alivyokuwa na baridi."

Nanyamaza.
Baba alikuwa akiamka usiku wa manane kulizima,
naye mama akiamka kuliwasha,
miaka thelathini na minane walishindana hivyo gizani
na asubuhi hakuna aliyekiri.

Nina kijitabu cha maelekezo mbele yangu, kurasa sita,
maandishi madogo kama mayai ya chawa.
"Mama, ndani, pale betri zinapokaa,
kuna viswichi vinne. Vinatazama wapi?"
Anatafuta miwani. Anatafuta tochi.
Anamlaani aliyetengeneza vitu kwa ajili ya vidole vya panya.
"Vyote juu."
"Ndivyo vilivyotoka kiwandani. Baba hakuvigusa.
Na jirani, upande wa pili wa ukuta,
ana pangaboi la aina gani?"

Hapo ndipo simu inapokuwa nzito.
Nyumba yao ni moja iliyokatwa katikati.
Fundi mmoja alifunga mapangaboi yote mawili, siku moja,
na upande ule anaishi Curley Doucet,
mkewe alizikwa Novemba.

"Kwa hiyo ni Curley," anasema mama.
"Ni Curley anazima lake. Lako linamsikia."
"Saa tisa kasoro."
"Ndiyo."
"Kila usiku yuko macho saa hiyo?"
Hilo halimo kwenye kijitabu.

Basi tunaendelea. Shusha cha tatu, kwa kijiti cha meno.
Nenda kwenye kisanduku cha umeme, kata.
Nasikia mlango wa bati, nasikia anasoma
mwandiko wa baba kwa penseli: JIKONI. UA. KWETU.
Anakawia kwenye KWETU.
Kisha tak.
"Hesabu hadi thelathini."
Anahesabu kwa Kifaransa cha bibi yake,
anakosea kumi na saba, anarudia.
"Washa. Sasa haraka, una nusu dakika,
bonyeza cha kuzimia, usikiachie,
mpaka taa ipepese mara mbili."

"Moja," anasema.
Nasikia anavyopumua.
"Mbili."

Na upepo unaingia kwenye simu,
ule mkwaruzo wa kila mzunguko wa nne
ulionilaza utoto wangu wote.
Nauegemezea sikio. Theluji inaendelea na mambo yake.

Siku tatu hapigi simu.
Ya nne anapiga, nikiwa kazini.
"Linatii," anasema. "Ukiliambia moja, ni moja. Ukiliambia tatu, ni tatu."
"Vizuri."
"Linazunguka mpaka kunakucha."
"Ndivyo inavyotakiwa, mama."
"Jana saa tisa nilikuwa nimekaa, nalitazama.
Nikagonga ukuta kidogo, kwa kifundo tu.
Akagonga."

Nyuma yake nasikia kifuniko kinafunguliwa,
betri zinabingirika mezani.
"Niambie," anasema,
"kile cha tatu. Tulikishusha au tulikipandisha?"

Niliandika nyuma ya bili ya umeme. Bado ninayo mfukoni.
Naitoa, naikunjua polepole,
kana kwamba sikumbuki.