Fataki

Mjomba Famau Shekuwe, fundi wa saa wa Langoni,
hajampiga risasi hata paka.
Mwaka mzima yu na springi na magurudumu yenye meno,
ila wiki ya mbio za punda
sajini humletea bastola ya kituo ndani ya kikapu cha ukindu,
imefunikwa leso kama mboga ya aibu,
na maganda sita ya shaba, matupu.
"Yashibishe," husema. "Baruti na karatasi. Risasi sitaki."

Mwaka jana zilikataa.
Sajini aliinua mkono gatini, mji ukashika pumzi,
akavuta:
tak.
Basi. Kama mlango wa kabati.
Punda kumi na mmoja wakasimama kungoja mlio.
Shubiri, punda wa Bunu, aliisikia nyundo,
na kwake hiyo ilikuwa ruhusa tosha.
Akatoka peke yake, akaipita forodha,
Bunu mgongoni akipiga vigelegele vya kiume,
hajui kwamba hakuna mbio.
Wakamrudisha. Wakamfuta.
Lawama ikapanda ngazi za duka letu ikaketi.

Mwaka huu mjomba ana visanduku vitatu mezani,
na ndani fataki, ndogo kama choroko.
Za kwanza aliziacha mwindaji fulani
kabla uwindaji haujapigwa marufuku:
uso mgumu, zataka nyundo yenye hasira.
Za pili ni za bunduki ndefu,
moto wake mkubwa kuliko haja,
tena zimezidi kimo kwa unywele;
ukizipachika, silinda yakwaruza, haizunguki.
Za tatu zimetoka Mombasa kwa kibali chenye mihuri minne.
Laini. Ukizitazama tu, waona haya.

"Watu hulaumu baruti," asema,
"na baruti ni mgeni aliyelala.
Fataki ndiyo ibishayo hodi.
Na springi hii imelamba chumvi miaka thelathini,
haipigi, yagusa."

Tukajaribu uani, fataki tupu bila baruti,
mimi na daftari, shangazi na malalamiko
(kanzu za Ijumaa zilikuwa kambani).
Ngumu: ishirini, zikawaka kumi na tatu.
Ndefu: tulipachika tano, silinda ikakwama, tukaacha.
Laini: ishirini, zikawaka ishirini.
Nikapiga mstari chini ya hesabu.
"Futa," akasema. "Kumi na tisa na nusu.
Ile ya nane ilifikiri kwanza."
Sikuisikia ikifikiri.
"Mato hayatoshi, mwanangu. Sikiza
baina ya nyundo na moto. Hapo pasiwe na nafasi
hata ya kumeza mate."

Siku ya mbio sikuwatazama punda.
Nilitazama kidole gumba cha mjomba
kikipapasa shanga za tasbihi, kikasimama.
Mlio ukatoka kama kitambaa kilichochanwa mara moja.
Kunguru wote wa mji wakawa hewani.
Kumi na mmoja wakatimka.
Shubiri hakutimka. Huo mlio mkubwa
hakuufahamu ulikuwa wa nani.

Jioni Bunu alikuja dukani, magoti yana vumbi,
akaomba ganda la mwaka jana, lile lililokataa.
Mjomba alikuwa nalo, katika mtoto wa meza
pamoja na saa ambazo wenyewe wamekufa.
Akavaa lenzi, akaitazama ile fataki:
kishimo katikati, chembamba, cha adabu.
"Kumbe haikukataa," akanong'ona. "Haikuombwa vizuri."
Akaiondoa polepole, akaimwagia mafuta,
akampa mtoto shaba tupu, yenye tundu nyuma.

Bunu akaziba tundu kwa kidole,
akaweka mdomo ukingoni, akapuliza.
Filimbi nyembamba ikateremka kichochoroni,
na huko chini, alikofungwa,
tukasikia kwato zikianza.