Kopo la Vidonge vya Chuma

Jumatano, saa saba na nusu, chumba cha nyuma cha zahanati,
Paisley. Mvua ya Machi inapapasa kioo
kama mwanafunzi anayelitafuta ini kwa mara ya kwanza.
Madaktari wapya wanne, chai, biskuti zimeshalainika.
Naandika ubaoni jina moja: Ewan Drysdale.

Miaka sabini na mmoja. Fundi wa mabasi.
Alikuja Septemba, amechoka, midomo imepauka.
"Kaa," nikamwambia, naye akakaa.
Lugha yangu ina mchezo mchungu:
kaa ni keti, kaa ni yule wa magando,
na saratani, huko Uarabuni neno lilikotoka, ni kaa vilevile.
Nilimkaribisha mmoja kitini, wakaketi wawili.

Damu ilikuwa pungufu. Nikampa vidonge vya chuma.
Novemba akarudi. Nikampa vingine.
Hata nilifurahi, namba ilipanda kidogo.
Nilikuwa najaza mtungi
bila kuuliza maji yanavujia wapi.

Si kwamba sikusoma.
Kwenye mtihani wa mwisho nilizitaja jeni zinazoharibika
moja baada ya nyingine, bila kumeza mate,
kama mtoto wa chuo anayehitimisha juzuu.
Wiki mbili za saratani katika miaka mitano:
vivimbe ndani ya chupa, picha za mashine za mionzi,
na profesa aliyetuambia, "Ninyi mtawapokea baada yetu."
Uongo. Sisi ndio tunaowapokea kabla,
ugonjwa ungali hauna jina,
ungali uchovu tu, mkanda wa suruali uliosogea tundu moja,
na dakika kumi, na mwingine anakohoa nje ya mlango.

Leo nimemwalika mjane.
Netta Drysdale ameingia, koti linachuruzika,
mkobani ana kopo. Vidonge thelathini na kimoja.
Amevihesabu.

Rukhsana anamsogezea kiti. Fergus anatazama viatu vyake.
Nilitarajia kilio, au laana; nilistahili chochote.
Yeye akauliza:
"Nani kati yenu anaweza kutamka 'choo' bila kucheka?"
Wakacheka. Akawasubiri waishe.
"Ewan aliona damu tangu Agosti.
Alikuwa na aibu, na daktari huyu alikuwa na haraka.
Angeulizwa, angesema. Mume wangu hakujua kudanganya,
alijua kunyamaza tu."

Tukafanya mazoezi. Yeye akawa Ewan,
akakunja mikono kifuani jinsi alivyokuwa akiikunja.
Fergus akazunguka mbuyu, akaishia kwenye mpira wa Jumamosi.
Rukhsana akavuta kiti karibu, akashusha sauti:
"Choo chako kimebadilika?"
Na mjane, kwa sauti nzito isiyo yake:
"Nilidhani hutauliza, daktari."

Kwa muda hakuna aliyeandika kitu.

Usipoziba ufa...
Hiyo nilifundishwa darasa la nne, Muheza,
na mwalimu aliyechomeka chaki nyuma ya sikio.
Kwenye mtaala wa tiba sikuiona.

Netta aliliacha kopo. Liko mezani pangu,
kati ya kalamu na kipima presha.
Akiingia mtu amepauka,
kabla sijaandika dawa yoyote, nalitikisa.
Wagonjwa hudhani ni mazoea ya mzee.