Anayetangulia Husukuma

Mlango wetu una mbawa nne na bawabu mmoja.
Bawabu ni mimi, Bohdan, koti la sufu hadi magotini,
mwaka wa ishirini na sita kwenye kizingiti hiki cha Winnipeg
ambako Januari pumzi huota barafu sharubuni
kabla hujamaliza kutaja jina lako.

Wewe unayesitasita hapo nje, sikiliza.
Unazunguka tu, hauumi.
Tazama mbawa kama mtoto anayengoja kuingia kwenye kamba:
moja ipite, halafu wewe.
Hatua fupi. Mkono kwenye fito ya shaba,
si kwenye kioo. Kioo nakifuta mimi.

Kila kizimba mtu mmoja.
Najua mnapendana, nyie wawili wa ghorofa ya sita,
lakini nimeshawachomoa humo mara mbili,
viatu vimepandana, kahawa kifuani.

Wala usiukimbize.
Unachokisukuma wewe kinamfika mwenzako kisiginoni.

Simu ikilia, iache ilie.
Bwana Thorlakson alisimama katikati,
"sekunde moja tu," kidole juu,
na mlango mzima ukasimama naye.
Upande wa pili mama mjamzito, aliyekuwa akitoka,
akabaki kwenye kioo kama keki ya kabatini,
tukitazamana, mimi na yeye,
tukisoma midomo ya bwana yule
akizungumzia bei ya matairi.

Ukiwa na kigari cha mtoto, au magongo, au sanduku la safari,
uko mlango wa pembeni. Usione haya.
Nitakufungulia, baridi itaingia, tutaisamehe.

Na ukishatoka, sogea.
Zulia si mahali pa kutafuta glavu.
Hili nalisema kuliko yote: sogea, bwana, sogea, mama,
nyuma yako kuna watu.

Sasa lile la ugomvi: nani atangulie?
Mlango wa kawaida unamshikia mwenzio, unasema karibu.
Hapa ukisema karibu umemtwika kazi.
Mlango uliolala ni mzito kama ng'ombe aliyegoma,
na anayetangulia ndiye anayeuamsha.

Bi Aganetha Friesen hakuliamini hilo.
Kila Alhamisi alikuja na mumewe, Cornelius,
kula supu ya kabichi ghorofa ya tano,
na kila Alhamisi Cornelius aliingia kwanza,
bila neno, bila kugeuka,
begani kachuchumaa kama mtu anayebeba gunia.
Bibi akifuata, midomo imebana.
Siku moja aliniambia, huku akikung'uta theluji:
"Miaka arobaini na moja, Bohdan.
Mgongo wake ndio ninaoujua vizuri."

Februari hii alikuja peke yake.
Nilikwisha sikia; kanisani kwao walitangaza.
Hapakuwa na mtu mwingine, na mlango ulikuwa umelala.
Akaweka viganja kwenye fito. Kimya.
Nilinyoosha mkono kumsaidia kutoka upande wangu,
nikaurudisha. Sijui kwa nini.
Akaweka bega.
Ukakoroma, ukasogea shubiri moja, ya pili,
kisha ukamleta ndani, kofia imeenda upande,
akasimama palepale, katikati ya zulia.

"Kumbe ni mzito," alisema.

Nyuma yake watu walianza kumwagika,
mmoja akampiga kikumbo, mwingine akaomba radhi,
wakampita kushoto na kulia.
Sikumwambia asogee.

Kanuni ya zamani ina kipande cha pili
ambacho hakuna anayekiuliza:
mlango ukiwa tayari unatembea, bibi hutangulia.
Kwa hiyo Alhamisi, saa sita kasoro dakika tano,
nikiiona kofia ile ya kijani inavuka barabara,
natia kiganja kwenye fito,
nausukuma mlango mtupu,
unazunguka.