Swali la Saba

Swali la pili ni kisanduku: Kabila.
Swali la saba: Katika miezi kumi na miwili iliyopita
umeanguka mara ngapi?
Katikati, mambo ya presha na miwani.

Bi Mwavita binti Kalombola, Mmanyema wa Ujiji,
amekaa juu ya kibaraza chenye ngazi tatu
zilizolika katikati kama sabuni.
Sijaanguka, anasema. Andika hapana.
Kutoka nyuma ya pazia, sauti ya kitoto:
Bibi, na siku ile ya Maulidi?
Ile? Ile niliketi chini kwa ghafla.
Nimeandika hapana.
Pembeni, kwa penseli: ngazi.

Mzee Kasanda, Mnyamwezi, reli ilimleta ikamwacha:
Miaka thelathini na moja nimesimama ndani ya behewa,
Tabora hadi Kigoma, nakata tiketi, sishiki kitu,
chai mkononi.
Leo nyumba imetulia tuli, haiendi popote,
na mimi ndiye ninayedondoka.
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama Etabo, Mbembe, anauza mawese kwa chupa.
Sakafu yake inang'aa wekundu, nami nimevua viatu, nanyata.
Weka mbili, anasema, ila uandike vizuri:
mimi sikuanguka, niliangushwa.
Mshtakiwa yule pale kwenye dumu.

Kwa Nassor bin Humud nilikuta udhu, maji, vigae.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaniambia,
nami nimeinama, kofia iliingia kitandani chini.
Wazee wetu waliishia hapo.
Hawakusema huyo mtu atainukaje.
Alilala sakafuni tangu alasiri hadi mjukuu alipotoka chuoni.
Moja.

Mzee Ruhomvya ni Mha wa milimani, Heru Juu.
Huko, anasema, mtoto hujua kushuka kabla hajajua kwenda.
Ardhi iliyolala sawasawa ndiyo siiamini.
Ana mtoto wa jicho pande zote mbili
na choo kipo nje, hatua ishirini na moja.
Ya kumi na nne ina mzizi.
Anazihesabu kwa Kiha, usiku, kwa sauti,
ili mkewe ajue amefika ya ngapi,
na ikinyamaza hesabu, atoke na taa.

Kisha Bibi Ntirampeba.
Nilimsomea swali. Hakusikia, au alisikia mno.
Mjukuu akamgeuzia Kirundi: kugwa.
Akanitazama.
Kugwa? Mume wangu aligwa. Kaka zangu wawili, njiani,
mwaka wa sabini na mbili,
nami nilipita juu yao nikiwa na mtoto mgongoni
wala sikujikwaa.
Unataka kuandika wangapi?
Fomu yangu ina miezi kumi na miwili tu.
Nilikunywa maji aliyonipa, nikaacha pengo.

Jioni daktari anajumlisha. Anataka kujua
kabila gani linaongoza.
Namsomea ya penseli: ngazi, mawese, vigae, mzizi,
pensheni haijaja, vidonge vya presha kwa tumbo tupu.
Hayo hayana kisanduku, anasema,
lakini naona ameacha kujumlisha.

Nilirudi Mwanga kumekucha taa.
Mama yangu hajawahi kuulizwa. Yeye haanguki.
Ukutani kwake palikuwa na mstari wa kahawia,
usawa wa nyonga, kutoka kitandani hadi mlangoni,
hata pale panapokunja kona.
Uchafu, nilisema. Juzi, kwa kuwa wageni wanakuja,
nikaupaka ukuta wote chokaa, tabaka mbili,
nikajisifu.

Usiku huu amesimama kando ya kitanda,
kiganja kimefunguka juu ya weupe ule,
kinapapasa huku, kinapapasa kule.
Mama, nikaita,
na sikujua niendelee na swali la ngapi.